Kadi ya Kitanda Namba Sita

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekabidhiwa mkoba. Wa njano, zipu mbili, umeandikwa Mshauri wa Akina Mama. Ndani yake makopo madogo ya maziwa ya unga, kofia za watoto wachanga, na fomu arobaini. Mimi! Miaka ishirini na miwili nimesimamia jiko la shule ya bweni, hakuna mtoto aliyelala njaa, halafu wananistaafisha na kunipa saa ya ukutani. Tena haitembei. Sasa watanitambua.

Msimamizi wetu ni kijana wa viatu vilivyochongoka, rika la kitinda mimba wangu. Kanuni yake ni moja tu na ameiandika ubaoni: usiuze maziwa, uza wasiwasi. Ukikaa na mzazi mpya, usilisifie kopo. Muulize tu, taratibu, kama ana hakika maziwa yake yatamtosha mtoto. Halafu nyamaza. Atajaza fomu mwenyewe: jina, namba ya simu, tarehe ya kujifungua. Atakayeleta fomu arobaini kufikia Ijumaa jioni anakuwa Mshauri Mwandamizi, na beji yenye picha. Nguo ya kupigia picha nimeshaichagua. Lile gauni la zambarau.

Kikwazo kipo. Hospitali imewapiga marufuku watu wa maziwa kukanyaga wodi ya wazazi. Muuguzi mkuu wa pale, wanayemwita Kamanda, wiki jana alimtoa nje mshauri mwenzetu kwa kumshika kola. Na kuingia ni kwa kadi. Kadi moja kwa kila kitanda, mgeni mmoja, saa saba hadi saa nane mchana.

Mume wangu kauliza nitaingiaje na sina mgonjwa. Nimemwambia penye nia pana njia. Kasema penye nia yangu huwa pana polisi.

Jumanne, 4 Machi

Mungu hamtupi mja wake! Binti yangu kalazwa!

Hapana, nimeliandika vibaya. Nianze upya. Binti yangu, mimba yake ya kwanza, kaenda kliniki leo, wakakuta presha imepanda. Wamemlaza hadi ajifungue. Nimeogopa jamani. Nimelia chooni hadi mfagiaji kanigongea mlango. Daktari kasema asihangaike, apumzike tu wamwangalie. Halafu Kamanda kanitia mkononi kadi ya kijani, namba sita. Kasema mama mzazi ndiye mwenye haki ya kwanza.

Nikaacha kulia.

Mama mkwe wa binti yangu naye alikuwepo, na sindano zake za kufuma. Aliitaka ile kadi. Hakusema, lakini macho hayana pazia. Mkwe mwenzangu huyu haongei, ananong'ona. Tangu harusi, mwaka wa pili huu, sijamsikia akimaliza sentensi. Anafuma kikoti cha mjukuu. Mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, nimeona.

Binti yangu kaniomba jambo moja tu. Saa ile ya wageni nikae naye, nimsuke. Kichwa kinamuwasha na akiinua mikono anasikia kizunguzungu. Nikamwambia mwanangu, hilo nalo ni la kuomba?

Jumatano, 5 Machi

Fomu kumi na tisa! Ndani ya saa moja!

Mkoba niliufunga tumboni, nikavaa gauni pana juu yake. Kadi mkononi, nikatembea kwa madaha. Mlinzi wa getini akanitazama tumbo, akanitazama uso, akanitazama tumbo tena. Nina miaka hamsini na sita. Akasema pole sana mama, akaniletea kiti cha magurudumu. Nimesukumwa hadi wodini kama malkia.

Wodi ina vitanda ishirini na vinne, na kila kitanda kina mtu asiyelala vizuri. Swali la Msimamizi ni dawa. Unaliuliza, unanyamaza, unatoa kalamu. Wa kitanda namba tatu, msichana mdogo, mtoto wake ana siku mbili. Nilipomuuliza alimtazama mtoto muda mrefu, akajaza fomu huku analia. Karatasi imelowa kidogo lakini namba ya simu inasomeka. Nikamwachia kopo na kofia. Mkono mtupu haulambwi.

Binti yangu nimemsuka mistari minne, nikamwambia nakuja sasa hivi. Kisha kengele ikalia. Kabaki kichwa nusu kimesukwa, nusu timtim. Kasema haidhuru. Mtoto wangu ana moyo mzuri, huo kaurithi kwangu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeonewa! Mchana kweupe, mbele ya watu!

Nilikuwa nimefikisha fomu ishirini na nane. Mara Kamanda kasimama nyuma yangu na lile kopo la namba tatu. Kumbe yule msichana, kutwa na kucha, hajamnyonyesha mtoto. Kajiaminisha kwamba maziwa yake hayafai, kakoroga unga na maji ya bomba, mtoto kaumwa tumbo. Kamanda kaniuliza nilimwambia nini. Nikajibu, na ni kweli tupu, kwamba sikumwambia kitu. Nilimuuliza tu.

Kasema wauzaji wa aina yangu anawajua, ila hajapata kumwona aliyemtumia mwanawe kama tiketi. Mbele ya vitanda ishirini na vinne! Nikamjibu kwamba nimewalea watu wengi kuliko aliowashika mapigo. Akanyoosha mkono. Nikampa kadi.

Akamkabidhi mkwe mwenzangu, aliyekuwa akisubiri mlangoni. Yule mama kaipokea kwa mikono miwili, kama anapewa shahada.

Nilimtazama binti yangu anitetee. Aligeukia ukutani. Ile nusu isiyosukwa ndiyo ilikuwa upande wangu.

Mume wangu kasema nimejipalia makaa. Nimemwambia makaa ndiyo yaliyotulisha miaka ishirini na miwili.

Ijumaa, 7 Machi

Sikubali. Haiwezekani mkwe mwenzangu akae na mwanangu, mimi nikae na saa mbovu.

Mpango: kuingia nimwone binti yangu, na kukusanya fomu kumi na mbili zilizobaki. Si lazima kwa mpangilio huo. Nikaazima koti la bluu la mfagiaji, kwa ahadi ya kofia mbili za mtoto. Mkoba ndani ya ndoo, kitambaa juu. Mlinzi hakuninyanyulia hata nyusi.

Nimefika kwenye ujia wa wodi, hatua tano kufika mlangoni, Kamanda huyo! Nikainamisha kichwa, nikaanza kupiga deki. Akapita. Akarudi. Akasema, bila kunitazama usoni, kwamba ile kona kila siku inasahaulika. Nikaipiga. Akasema na chini ya benchi. Nikapiga. Akavuta kiti, akakaa kujaza mafaili yake pale pale. Nimepiga deki ujia mzima, kwenda na kurudi, mara tatu, hadi kengele ya saa nane. Nilipoinua mgongo akasema asante mama, hii ndiyo kazi ya kweli umefanya wiki hii.

Alijua! Tangu kona ya kwanza alijua!

Sasa ni jioni. Kiuno si changu. Msimamizi anataka fomu kabla ya saa kumi na mbili. Nimekaa mezani nikajaza kumi na mbili mwenyewe. Majina nimebuni, mazuri. Namba ya simu nimeweka yangu. Si uongo. Mama ni mama, nami nimezaa watatu. Nimepeleka fomu arobaini kamili, na gauni la zambarau nimelivaa kabisa kwa ajili ya picha.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeamshwa na simu. Ujumbe wa watu wa maziwa! Hongera mama, mwanao ametimiza siku moja, je, una hakika anashiba? Wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu. Simu ikawa inalia kama chura. Mume wangu kasoma mmoja juu ya bega langu, akakaa kitandani taratibu, akauliza kama kuna jambo napaswa kumwambia. Nikaufuta wote kwa hasira, bila kusoma, kila ulipoingia nikafuta.

Halafu Msimamizi kapiga. Mume wangu ndiye aliyepokea. Kaulizwa inakuwaje akina mama kumi na wawili wanatumia simu moja. Kajibu, nilimsikia, kwamba mama humu ndani ni mmoja, ana miaka hamsini na sita, na kiwanda kilishafungwa. Beji imesimamishwa! Nina hadi Jumatano kuleta fomu kumi na mbili za watu wa kweli.

Saa nne simu ikalia tena, nikaipokea kwa matusi. Alikuwa mume wa binti yangu. Kauliza kwa adabu kwa nini sijajibu ujumbe wake. Binti yangu kajifungua alfajiri. Mtoto wa kike. Wote wazima. Anauliza mama yuko wapi.

Jumbe zilikuwa kumi na tatu. Nilipaswa kuhesabu.

Nimefika getini saa tano, nikasimama juani na mkoba wangu. Mlinzi kakataa. Nimembembeleza, nimemtisha, nimempa kofia. Kakataa, kofia kabaki nayo. Saa saba na robo katoka mkwe mwenzangu, na ile kadi ya kijani. Kakaa nayo wodini dakika kumi na tano tu kati ya sitini zake. Na leo amemaliza sentensi! Kasema binti anakutaka wewe, lakini uende mikono mitupu, na kama huwezi urudi nyumbani.

Nikasimama na mkoba dakika nzima. Nakiri. Kisha nikauacha kwa mlinzi, nikapokea kadi.

Jamani, mjukuu wangu. Mdogo! Ana paji la uso la mume wangu, masikini, lakini litarekebishika. Nikamgusa mdomo kwa kidole, akakidaka, akakinyonya kwa nguvu zote. Mkono mtupu, na umelambwa.

Ndipo binti yangu, taratibu, kwa sauti ya chini, akauliza: Mama, una hakika maziwa yangu yatamtosha?

Neno kwa neno. Kasikiliza siku mbili kutoka kitanda namba sita, na hakuna aliyemwambia vinginevyo.

Nikafoka. Nani kakwambia upuuzi huo? Alinitazama tu. Nikamwambia yatatosha. Nikamwambia nilimnyonyesha yeye na kaka zake nikiwa nimekalia gunia la maharage, katikati ya masufuria, na hakuna kijana wa viatu vilivyochongoka aliyenijia na maswali. Kadiri mtoto anavyovuta ndivyo yanavyokuja. Anayemuuliza mzazi mpya swali la namna hiyo hana haya, nikasema, na sauti ilikuwa juu, wodi nzima ilisikia. Namba tatu alikuwa ananyonyesha. Alinitazama muda mrefu sana. Nikamsalimia. Hakuitika.

Nimemsuka binti yangu hadi kengele ilipolia. Mistari yote. Kamanda alipita, akatazama mikono yangu, akaenda zake. Nimelia tena, safari hii hadharani.

Jumatatu, 10 Machi

Wameruhusiwa! Getini tulikuwa ukoo mzima. Mtoto kavaa kikoti cha mkwe mwenzangu. Mikono yote miwili iko sawa, nasikitika kusema. Binti yangu, kabla hajapanda gari, kanishika mkono akaniapisha kwamba mambo ya maziwa basi. Nimeapa. Akataka nirudie. Nimerudia. Kanikumbatia kwa muda mrefu, nami nilikuwa namaanisha kila neno, mwenye kupima mioyo anajua.

Nyumbani nimeufungua mkoba, mlinzi kanirudishia, niupeleke ofisini. Mkoba wa watu. Nikaona kitu cha kijani kwenye zipu ya pili.

Kadi namba sita! Sikuiba. Mlinzi alikuwa anabishana na dereva, Kamanda alikuwa anasaini makaratasi, hakuna aliyeniuliza. Wao na uzembe wao.

Nimekaa nayo tangu mchana. Nawaza. Kitanda namba sita kitakuwa kimeshapata mtu. Mtoto wa watu, pengine mimba ya kwanza, pengine mama yake yuko mbali. Nani atakaa naye? Nani atamsuka? Mimi si nimeona kwa macho yangu jinsi mzazi anavyohitaji mtu mzima wa kukaa naye! Hilo ndilo funzo la wiki hii, na mimi si mtu wa kutupa funzo. Kesho saa saba nitaenda kukaa naye. Mkoba nitaufunga mgongoni badala ya tumboni, mlinzi atadhani ni uzee. Jumatano bado, na fomu ni kumi na mbili tu.

Lile swali sitaliuliza. Kiapo ni kiapo. Nitamsuka tu, taratibu, mstari mmoja mmoja. Na yeye mwenyewe akiniuliza kama maziwa yake yatatosha, nitanyamaza, kama tulivyofundishwa.