Rula Yangu Iliishia Mwanza

Jumatano, 11 Septemba
Masumbwe. Baba hali chakula tena. Ameomba kitu kimoja tu: kaka Edson, mzaliwa wake wa kwanza, aje kutoka Dar ili yeye Baba amtemee mate ya baraka na kumkabidhi fimbo ya ukoo. Shemeji Mwita, mume wa dada Rhoda, akasema Edson apande basi kesho. Mwita amepanda ndege mara mbili na hutusimulia kila Krismasi. Nikaona leo ndiyo leo. Nikachukua atlasi ya binti yangu Generosa, nikapima Dar hadi Mwanza kwa rula. Kilomita mia nane na ushee. Ndege: saa moja na nusu! Nikatangaza mbele ya wote. Mwita akaikodolea macho ile rula. Raha iliyoje.

Alhamisi, 12 Septemba
Edson alishakaa kwenye basi, stendi ya Mbezi. Nikampigia ashuke. Akasita, akasema litamshusha hapa hapa Masumbwe kesho asubuhi. Nikamuuliza ateseke ya nini kwa safari ya saa moja na nusu. Akashuka. Kapata ndege ya kesho saa sita mchana. Nikamwahidi Baba kuwa saa nane Edson atakuwa kitandani pake. Akanishika mkono, akatabasamu. Nikajiona mtu.

Ijumaa, 13 Septemba
Saa mbili asubuhi lile basi likafika. Akashuka mama mmoja na magunia yake. Sikumtazama Mwita.

Ndege ikaondoka saa tisa badala ya saa sita. Saa kumi na nusu Edson akapiga simu yuko Mwanza, anauliza gari la kumchukua liko wapi. Gari gani? Rula yangu iliishia Mwanza. Kutoka pale hadi kwetu, kupitia Shinyanga na Kahama, ni saa tano nyingine. Nilijua. Kila mtu hapa anajua. Sijui kwa nini sikuzihesabu.

Baba aliuliza mara nne kama ndege imefika. Mara zote nne nilisema imefika. Mbili kati ya hizo nilidanganya. Jua lilipozama akafariki. Edson alikuwa hajafika hata Shinyanga.

Jumamosi, 14 Septemba
Edson hakunigombeza. Afadhali angenipiga. Alikaa chini kando ya Baba, akaishika ile fimbo mwenyewe, maana wa kumkabidhi hayupo tena. Akauliza Baba alisema nini. Nikasema alimtaja. Sikusema mara ngapi.

Nimelia nyuma ya zizi. Mwita akanifuata, akanipa leso yake. Hata hilo limenikera.

Jumapili, 15 Septemba
Mazishi ni leo saa tisa alasiri. Bado anasubiriwa kitinda mimba wetu, Lukresia, aliyeko Bukoba. Amepiga simu saa kumi na mbili asubuhi, sauti imemkauka kwa kilio. Yuko kwenye basi, linakaribia kuondoka. Litapita Biharamulo na kumshusha hapa barabarani kabla ya saa saba.

Moyo ukaniuma. Saa zote hizo barabarani, mtoto wa watu, na msiba kifuani? Naye amkose Baba? Nikafungua atlasi. Bukoba hadi Mwanza, juu ya ziwa, ni kipande kidogo tu cha rula. Dakika arobaini na tano!

Nimemwambia ashuke. Ameshuka.