Msiba Katikati ya Posa

Jamani, leo nimeaibika mpaka masikio yakapata moto, na nje ni theluji tupu! Nimeingia sasa hivi, koti sijavua, nimekimbilia kompyuta niwaandikie wana baraza wote kabla Shangazi hajawapigia simu. (Atawapigia. Namjua.)

Mdogo wangu Erasto mnamfahamu. Kampata Linda, binti wa Kizungu, mpole, anampenda kweli kweli. Leo ndiyo ilikuwa siku ya posa! Shangazi Bertha kapanda ndege kutoka Morogoro kwa kazi hiyo moja tu, na anataka kila kitu kiende kwa desturi. Mposaji haendi kujiposea, kwa hiyo Erasto kabaki nyumbani kwetu huku ughaibuni, Flemingdon Park, anaizunguka simu. Binti haketi panapozungumzwa habari zake, kwa hiyo Linda alishaambiwa akae jikoni, mlango ufungwe. Mkalimani nani? Mimi! Mwenyewe nilijipiga kifua: "Kiingereza si tunacho?"

"Kaka," Erasto akaniambia mlangoni, "ukiniharibia hii, mimi na wewe basi."

Sasa sikilizeni. Kiingereza kimewahi kunitesa kwa jambo moja. Sisi kwetu yeye ni yeye. Baba yeye, mama yeye. Wenzetu wana "hi" wa kiume na "shi" wa kike. Bosi wangu kiwandani ni mama, nami nilimwita "hi" mpaka kiwanda kizima kikawa kinanicheka. Nikajifunza kwa uchungu. Siku hizi nikisikia "shi" sibahatishi, huyo ni mwanamke!

Tumefika kwa wakwe, Shangazi hakungoja niegeshe gari. Baridi ilikuwa inamtafuna, akatangulia ndani. Mimi nikabaki nahangaika na theluji, nafasi hakuna mtaa mzima. Naingia sebuleni, namkuta Mzee Walter, baba yake Linda, yuko katikati ya hadithi, na Shangazi anamwitikia "yesi, yesi". (Ndicho Kiingereza chake chote.) Mama Linda anamimina chai.

"Afadhali umekuja," Shangazi akaninong'oneza. "Huyu baba anasema tangu nikae, na machozi yanamlengalenga. Ana nini?"

Nikaketi. Nikakohoa kidogo, kimkalimani. Mzee akaendelea: "shi" alikuwa maisha yake, ujana wake wote alikuwa naye.

"Anamzungumzia mke wake wa kwanza," nikamwambia Shangazi.

"Mbele ya huyu wa pili?"

"Ndiyo desturi yao." (Sikujua. Nilibuni.)

Mzee akasema siku ya kwanza kabisa, bibi mmoja alimpasulia chupa ya shampeni puani na watu wakapiga makofi. Nikatafsiri neno kwa neno. Shangazi akashika mdomo. "Maskini! Alimkosea nini?"

Mzee akasema "shi" alizama chini ya barafu kule kaskazini, akaipasua kwa mgongo akaibuka. "Alidumbukia ziwani, Shangazi, akatoka mzima!" "Mungu mkubwa!" Kisha nikasikia "ataki". Nani asiyeijua ataki? Mshtuko wa moyo! Na kweli, mara mzee akasema walimpasua wakamwekea moyo mpya. Kila kitu kilikuwa kinaingia mahali pake. Nilikuwa natafsiri kama maji, nawaambia. Nilijisikia raha!

Halafu mzee akasema, kwa fahari kabisa, kwamba wanaume zaidi ya mia walilala ndani yake.

Hilo sikulitafsiri. Kuna maneno hayasemwi mbele ya shangazi.

"Mbona yeye kasema marefu, wewe umenyamaza?"

"Anasema alikuwa mkarimu. Alipenda wageni."

Na Mama Linda anatabasamu tu, anapitisha biskuti! Shangazi akamtazama kwa huruma. "Huyu mama ana moyo. Mimi ningekuwa nimeshaondoka."

Mwisho mzee akashusha sauti. Mwaka huu wamemstaafisha, wamemtoa moyo, wamemkatakata. Hapo hata mimi jasho lilinitoka. Nikalainisha: "Wamempasua tena, Shangazi. Safari hii hakuamka."

"Uwiii!"

Shangazi kasimama! Akachukua kanga tulizomletea Mama Linda, akamfunika mzee mabegani, akaanza kusali kwa sauti. Mungu ailaze mahali pema roho ya mama huyu aliyepasuliwa mara mbili, maskini. Analia kweli, machozi yanadondoka kwenye biskuti. Mlango wa jikoni ukafunguka, Linda huyo mbio.

"Kuna nini?" Mama Linda akaniuliza.

Nikaweka mkono kifuani. "Tunawapa pole sana kwa msiba wa mke wa kwanza wa mzee."

Mama Linda akaiweka mezani sahani ya biskuti.

"Mke wa kwanza *yupi*?" akauliza, akamgeukia mumewe.

Akilini nikamwona Erasto na simu yake. Posa imekufa, na mimi ndiye niliyeiua! Mzee Walter akanikazia macho, kisha polepole akanyoosha kidole nyuma yangu, ukutani. Picha kubwa. Dude refu, jeusi, limo baharini, na wanaume wamesimama mgongoni kwake.

Nyambizi!

Nyambizi ya kivita ya nyuklia, jamani! Mzee alikuwa fundi wake katika jeshi la wanamaji la Marekani. Chupa ya shampeni ni desturi yao ya kuzindua chombo, moyo ni kinu cha nyuklia. Ataki ni kwa sababu iliundwa kushambulia. Wale wanaume mia ni mabaharia! Kumbe wenzetu chombo cha baharini nacho wanakiita "shi". Nani aliwahi kuniambia?

"Kwa hiyo nimelilia chombo?" Shangazi akauliza.

"Ndiyo, Shangazi. Cha chuma."

Akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani. "Simoni. Hivi wewe shuleni ulikuwa unakwenda kufanya nini?"

Mama Linda alicheka mpaka akakaa chini. "Siku zote nasema huyu mume wangu ana mke mwingine! Leo nimepata mashahidi!"

Mzee peke yake hakucheka. Alikuwa ameishika ile kanga. Akasema "shi" wake alipokatwakatwa hakuna aliyedondosha hata chozi moja, wote waliona ni chuma chakavu. Shangazi ndiye wa kwanza kumlilia. Kisha akasema, "Watu wanaolia hivi kwa msiba wa mgeni, mwanangu atakuwa salama kwao. Huyo kijana mleteni."

Nikafungua mdomo nitafsiri. Shangazi akanizuia kwa mkono, akamkumbatia mzee.

"Yesi," akasema. "Yesi, yesi!"

Posa imekubaliwa! Erasto nimempigia, amepiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Kwa hiyo naombeni msinicheke, ndoa nimeileta mimi. Ila Shangazi kashagawa kazi za harusi, na ya kwangu ni moja tu: kuegesha magari.