Nimemzika Sione Akiwa Hai

Leo nimeaibika kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, na mbele ya watu wanaoongea Kitonga. Ngoja niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kanisani.

Mnajua naishi Blaine, huku Marekani. Majirani zangu wa mkono wa kulia ni Watonga. Si wale wa Zambia, hawa ni wa visiwani, kule Pasifiki. Baba anaitwa Tevita, mama ni Mele. Watu wakubwa wa mwili, wapole ajabu. Mtoto wao Sione ndiye aliyekuwa akiniondolea theluji mlangoni msimu wangu wa kwanza hapa, alipoona naisukuma kwa ufagio. (Ndiyo, ufagio. Nilikuwa nimetoka Nakuru juzi tu.) Miaka mitatu iliyopita akaenda New Zealand kucheza raga, na kila nikikutana na Mele tukichukua barua namuuliza habari zake.

Basi leo nimetoka shifti kule nyumba ya wazee saa tisa, miguu imevimba. Kufika nyumbani nikakuta mtaa umejaa magari. Kabla sijazima injini nikasikia sauti kutoka kwa kina Tevita, madirisha yakiwa wazi kwa ajili ya joto. Mwanamume alikuwa anasoma majina. Moja moja, polepole, kama mzee wa kanisa. Jina, kimya. Jina, kimya. Likasomwa jina la Sione. Mele akapiga yowe, nyumba nzima ikaangua kilio, halafu wakaanza kuimba wimbo wa dini, wanaume wazima wakilia.

Nikachungulia uani kwao. Wajomba wawili walikuwa wamefunga mikeka kiunoni. Mwaka jana, bibi yao alipofariki, walivaa hivyo hivyo. Safari hii mashati yalikuwa mekundu badala ya meusi, lakini nikajiambia kila watu na mila zao. (Akili yangu ilikuwa imeshafunga kesi.)

Nililia palepale kwenye usukani, na nililia kweli. Nilikuwa namwona yule kijana na koleo lake, amekataa hata kikombe cha chai kwa sababu viatu vyake vingechafua zulia langu.

Nikaandika kwenye grupu ya akina mama wa kanisa kwamba jirani yangu amefiwa na mtoto, tukutane kwangu. Mnawajua akina mama wetu, hawaulizi maswali. Haikupita saa moja Mama Furaha, yule Mkongo wa Bukavu, akawa amefika kutoka Anoka, mji wa jirani, na sufuria ya sombe, majani yake ya muhogo yakinukia mtaa mzima. Mama Ciku akaja na wali na chupa mbili za chai. Tukajifunga leso, tukavuka nyasi tukiimba taratibu, wimbo wa mazishi.

Chumba kizima kilisimama kutupokea. Mele akanikumbatia, uso umelowa. Nikamwambia kwa Kiingereza, maana ndicho tunachoelewana nacho, kwamba nimesikia Sione ameitwa.

"Ameitwa," akasema. "Tumesubiri miaka mingi."

Mtu mwenye akili angesimama hapo akafikiri. Mimi nikaona huzuni imemvuruga mama wa watu. Nikauliza kwa upole kama kijana alikuwa mgonjwa. Tevita akajibu kwamba ni goti ndilo lililowatia hofu mwaka huu wote. Nimehudumia wagonjwa miaka sita na sijaona mtu aliyeuawa na goti, lakini nikakumbuka damu huweza kuganda mguuni ikapanda mapafuni, nikatikisa kichwa kitaalamu. Kisha Tevita akaongeza kwamba wameitwa thelathini na mmoja.

"Thelathini na mmoja kwa pamoja?"

"Ndege moja," akasema.

Goti likanitoka kichwani. Kumbe ilikuwa ajali. Mama Furaha aliketi sakafuni bila kutafuta kiti.

Nikaomba ruhusa niombe. Watonga hawakatai sala, wote wakainamisha vichwa. Nikaomba kwa sauti, kwa Kiingereza changu chote. Nilimwomba Mungu ampokee Sione mikononi mwake, amfute jasho la dunia hii, amlaze mahali pasipo na maumivu wala magoti. (Sijui hilo la magoti lilitoka wapi.) Nilikuwa nimefika kwa waliobaki nyuma niliposikia sauti ya kiume ukutani.

"Mama, nani huyo ananizika?"

Nikafumbua macho. Sione alikuwa kwenye televisheni, mzima, shingo nene kama kigogo, anakula ndizi. Amepiga simu ya video wakati mimi namkabidhi kwa Muumba. Mama Furaha alimwona, akaita jina la Yesu mara moja tu, akatoka mlangoni na mfuniko wa sufuria mkononi.

Mele ndiye aliyeelewa kwanza. Akanikalisha, akanieleza taratibu kama unavyomweleza mgonjwa. Kikosi cha taifa cha Kombe la Dunia la raga kilikuwa kinatangazwa moja kwa moja kutoka Tonga. Sione amechaguliwa, mstari wa mbele. Mkeka ni vazi la heshima, wanauvaa kwenye msiba na kwenye furaha, na mashati mekundu ni ya timu. Wakati huo Tevita alikuwa ameegemea friji, anacheka bila sauti, machozi yanamtiririka. Sione akaomba nirudie pale pa magoti.

Mama Furaha alibembelezwa akarudi, tukala. Tevita akawa makini kidogo. Kundi lao ni gumu: Uingereza, Ufaransa, Ajentina, na hii Marekani tunayoishi. Marekani wanaiweza. Ufaransa waliwahi kuifunga. Vijana wa mbele wana nguvu, ila mpiga mateke anamtia wasiwasi, na wengi wanacheza nchi za mbali, hawajapata muda wa kufanya mazoezi pamoja. Uingereza ndiyo inayomnyima usingizi. Akatafuna sombe, akafikiri, kisha akaniuliza bila hata kutabasamu kama ile sala naweza kuirudia siku ya mechi ya Uingereza, nibadilishe jina tu.

Nimerudi nyumbani kuvua leso, na sasa nachungulia dirishani. Kuna mtu kwenye grupu alimpigia mchungaji. Ameshuka garini na suti nyeusi, Biblia kifuani, anavuka nyasi na uso wa majonzi kuelekea kwa Tevita. Msicheke. Aliye na namba yake ampigie kabla hajafungua mdomo.