Wali wa Maziwa Uliotiwa Chumvi Siku ya Nane

Jumatano, tarehe 21 Oktoba. Asubuhi ya mawingu, upepo wa baridi. Nguo nilizoanika jana bado mbichi.

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Hekalu.

Ndugu Mwenyekiti,

Wewe ni mdogo wa marehemu mume wangu, na kwa kawaida ningekuja dukani kwako, katikati ya misumari na makopo ya rangi, nikakueleza kwa mdomo. Leo nakuandikia kiofisi, kwa sababu dukani huwa unacheka.

Malalamiko yangu ni juu ya mke wa mwanangu, mkamwana wangu, na juu ya wali wa maziwa tuliomtolea Mungu Mama leo mchana, siku ya nane ya sikukuu yake. Najua kesho saa kumi na mbili asubuhi kamati inakutana kuamua ni nani atakayeshika mwiko siku ya tisa, ambayo ndiyo siku kubwa. Mwiko huo nimeushika miaka ishirini na miwili. Naomba maelezo yangu yasomwe kwanza, polepole, na mtu mwenye miwani.

1. Utaratibu wetu unajulikana. Chakula cha Mungu Mama hakionjwi kabla hakijawekwa mbele yake, maana mgeni wa heshima haletewi makombo. Mimi hata kunusa sinusi. Maziwa yakianza kuchemka nafunga kitambaa puani. Mkamwana wangu amekulia kwenye hekalu la mji mwingine, na kwao eti huchota kwanza bakuli la Mungu Mama, wakalifunika na kuliweka pembeni, kisha wakaonja yaliyobaki sufuriani. "Yakiwa mabaya tunapika upya, mama," aliniambia. "Bakuli linabadilishwa kabla halijafika kwake." Kwa maneno mengine, kwao mungu huzuiwa kuona kwa kifuniko cha bakuli.

2. Alikuja jikoni na mizani. Anafanya kazi kwenye duka la dawa, basi sukari ya sikukuu anataka kuipima kama dawa ya kikohozi. Nilipomjulisha kwamba mimi napima kwa mkono, aliutazama mkono wangu, akauliza, "Mkono wa mwaka gani, mama?" Wanawake waliokuwa wakimenya matunda walicheka. Ninao kwenye orodha.

3. Hakuniondolea macho. Tangu kuwasha moto mpaka kuepua alisimama kando ya jiko, mikono nyuma, kama msimamizi wa mtihani. "Najifunza kwako, mama." Ndugu Mwenyekiti, mpishi anayetazamwa hivyo hapiki, anajibu maswali.

4. Wali ulitoka na chumvi. Hilo silikatai. Makopo mawili yanafanana, na mkono uliomimina vikombe vitatu ni wangu. Kuhani akaubariki, kengele ikalia, wali ukawa prasadi, chakula kilichokwisha pokelewa na Mungu Mama, na prasadi haikataliwi wala haitemwi. Watu mia moja na arobaini waliumeza. Fundi saa alifumba macho, watu wakadhani anasali. Mwenye duka la viatu, ambaye hukaa mbele ili aonekane, aliomba bakuli la pili, na alipopewa akatokwa jasho la uchaji. Mwalimu mstaafu wa hesabu alisema kwa sauti, "Leo tumebarikiwa mpaka kwenye figo." Dakika kumi baadaye foleni ya bombani ilikuwa ndefu kuliko ya madhabahuni. Naomba kamati iwaulize watu hao: aliyebarikiwa anakimbilia maji kwa nini?

5. Hapa ndipo niliposhindwa kuvumilia. Mkamwana wangu alisimama mbele ya watu wote akasema, "Kosa ni langu mimi. Msimlaumu mama." Uongo, ndani ya hekalu, na viatu vya watu wote vikiwa nje kwa heshima! Nani alimtuma? Mimi nimekuwa mzigo wa kufichwa nyuma ya mgongo wa mkamwana? Tangu wakati ule mimi naonewa huruma na yeye ananuniwa. "Haya ndiyo matunda ya kuoa mbali," alisema mkeo, tena karibu na beseni la vyombo, ili asikike. Alisikika. Binti wa watu aliinamisha kichwa akaendelea kusugua sufuria.

6. Sasa tutumie akili. Wali mtamu unathibitisha nini? Hauthibitishi kitu. Mpishi mdanganyifu anaweza kuonja kwa siri na kutoa wali mtamu kila mwaka, akasifiwa. Lakini wali wenye chumvi ni ushahidi usiopingika kwamba hakuna ulimi uliotangulia. Kwa hiyo wali wa leo ndio msafi kuliko wote uliowahi kupikwa hekaluni kwetu, na naomba uandikwe hivyo kwenye kumbukumbu za kikao. Na kwa mantiki hiyohiyo, kila sufuria iliyowahi kutoka tamu itiliwe shaka, na aliyeipika aitwe ahojiwe.

Kwa hayo naomba: mkamwana wangu asikanyage jikoni kesho. Apangiwe kulinda viatu mlangoni, ambako hakuna cha kuonja. Mizani ibaki nyumbani. Yeyote aliyekunywa maji kabla ya saa nzima kupita aombe radhi mbele ya kuhani. Mwiko ubaki mahali ulipozoea.

Nisalimie mkeo, pamoja na hayo niliyoyaandika juu yake. Msalimie kuhani, wasalimie wanakamati wote, na mwenye duka la viatu pia, akishaamka. Nasikia amelazwa kitandani na jagi la maji kando.

Ni mimi shemeji yako, mtumishi wa jiko,
Mshika Mwiko.

Nyongeza. Ili barua iwe na uthibitisho, baada ya kutia sahihi nimefungua madaftari yangu ya kila siku nikatafuta siku ya nane ya kila mwaka. Mwaka wa kwanza nimeandika: "Wali mzuri. Nimeungua kidole." Mwaka wa pili: "Wali mzuri. Nimeungua kidole." Wa tatu, vivyo hivyo. Nimesoma mpaka mwaka jana. Miaka yote ishirini na miwili, siku ileile, kidole kilekile, na wewe unajua mtu akiungua kidole hukipeleka wapi. Kitambaa, kama nilivyoeleza kwenye namba moja, ni cha pua tu.

Leo nilikuwa natazamwa. Sikuungua.

Nimekwenda jikoni kwetu kumwuliza alisema uongo kwa nini. Nimemkuta anabandika karatasi kwenye yale makopo mawili tuliyorudi nayo, CHUMVI, SUKARI, kwa herufi za kuonekana toka barabarani. Hakugeuka. "Mwaka jana nilikuona ukiungua, mama. Leo nimesimama pale tangu asubuhi nasubiri uungue. Hukuungua kwa sababu yangu. Sasa niambie, uongo niliosema ni upi?"

Nimerudi kwenye kalamu yangu.

Basi, ndugu yangu, barua hii usiisome kikaoni. Mwiko mpeni yeye. Achote bakuli la Mungu Mama, alifunike, aonje mbele ya macho ya wote, na mkeo awe wa kwanza kusogeza kijiko. Viatu nitalinda mimi. Foleni ya bombani bado iulizwe. Na lile la mkono wa mwaka gani sijalisamehe. Nitalisamehe keshokutwa, nikishaonja wali wake.

Saa sita na dakika ishirini usiku. Nazima taa nilale.