Pedeli Iliyokuwa Ikilia

Jumatatu, 2 Agosti 1993

Henry, jirani yangu, kapita na baiskeli yake mpya ya gia. Kimya kama paka. Akasema yangu inalia kama mbuzi wa sikukuu, na madukani siku hizi pedeli zimejaa. Kweli. Zamani tulipanga foleni hata kwa mnyororo. Basi! Jumapili kanisani atanikoma.

Nimeifungua yote uani. Gololi nimezitia kwenye bakuli la mboga la Tereza. Angefoka, marehemu mke wangu. Raha iliyoje kupangusa kutu polepole! Chini yake ikatokea rangi ya kijani, ile ile ya mwaka tuliooana.

Jumatano, 4 Agosti

Tayari. Grisi kila mahali, pedeli mpya. Zile kuukuu nimemwachia fundi Damas. Nimekwenda sokoni na kurudi, haitoi hata mnong'ono! Upepo tu na vumbi la Agosti. Nikaota ndoto juu ya kiti, nusura nigonge mbuzi.

Nyumbani nikasimama mlangoni. Kuna kitu kimepungua. Ndipo nikakumbuka. Tereza alikuwa akiisikia pedeli ikilia kwenye ua wa minyaa, anabandika chai. Sikuwahi kupiga hodi. Sauti hiyo nimeiua mwenyewe!

Alhamisi, 5 Agosti

Nimemwomba Damas anirudishie mlio. Kacheka hadi spana ikamdondoka. Mzee wangu, akasema, watu huniletea kelele niziondoe, wewe unataka nikuuzie? Pedeli kuukuu kashaziuza. Hasemi kwa nani.

Nimetia mchanga kwenye mpya. Zinakwaruza tu, kama mtu anayetafuna kokoto.

Ijumaa, 6 Agosti

Jioni, nimekaa ndani. Nyiii-ko, nyiii-ko, kwenye minyaa! Nikainuka, nikabandika chai kabla sijafikiri.

Henry! Pedeli zake za plastiki zimevunjika, Damas kamfungia zangu.

Nikakaa chini. Miaka yote mimi nilikuwa juu ya baiskeli. Sikujua ninavyosikika nikija. Kama mtu anayeomba radhi kwa kuchelewa. Hivyo ndivyo Tereza alivyonisikia.

Henry akasema anaona aibu, kesho anazipeleka zikapakwe grisi. La hasha! Nikamkalisha, nikammiminia chai, nikampa pedeli zangu mpya kwa hizo kuukuu. Akaniuliza, Elisante, ndugu yangu, u mzima? Nikasema mzima kabisa. Habari za mchanga sikumwambia.

Jumapili, 8 Agosti

Kanisani waligeuka wote nilipoingia uani nikilia nyiii-ko. Henry akaja nyuma yangu, anakwaruza. Kaninunia hadi mwisho wa ibada.

Nimerudi, nyiii-ko, nyiii-ko, mpaka mlangoni. Chai nimebandika mwenyewe, lakini moyo umetulia kama zamani.

Kisha nikaitazama baiskeli juani. Kijani kinang'aa vizuri. Pedeli tu ndizo zina kutu, maskini, zinaiaibisha. Na Tereza alipenda vitu visafi. Nitazipangusa kidogo. Na tone la mafuta. Moja tu, litadhuru nini?