Mito Mitatu

Jumatatu, 3 Juni

Raha iliyoje! Moyo wangu unavuma. Daktari mkuu amesema hajasikia mvumo safi kama huu miaka mingi. Ijumaa wanafunzi wake watafanyia mtihani kifuani pangu. Fundi cherehani wa kitanda cha pili kanuna. Moyo wake unarukaruka tu, hauna wimbo. Nimeshinda nimeweka kiganja kifuani, nasikia maji yakipita mahali mbali sana.

Jumanne, 4 Juni

Balaa. Daktari anasema nikikosa pumzi nikilala, napelekwa upasuaji haraka. Mtihani apewe nani? Fundi! Nimeapa kwamba napumua kama mtoto mchanga. Kusema kweli, nikilala chali nazama. Mto wa pili nimeutoa kabatini. Wa tatu nimeuchukua kwa fundi alipokwenda kuoga. Sasa naelea, nusu nimekaa, nusu naota. Ndotoni wanafunzi wamepanga foleni hadi getini, wamevua viatu.

Jumatano, 5 Juni

Dada kaja. Kaona viatu haviniingii. Nimemwambia vimesinyaa. Kasema, "Kaka, sifa zitakuua." Wivu huo.

Ijumaa, 7 Juni

Wanafunzi watatu walisikiliza, wakautaja mvumo, wakasifiwa. Nikavimba kichwa. Wa nne, binti mpole, stetoskopu aliiacha shingoni. Alinishika mkono. Akatazama mshipa wa shingo yangu, akanibonyeza muundi wa mguu. Kidole kikaacha shimo.

"Shikamoo, baba. Unalalia mito mingapi?"

Nikasema mmoja.

"Mitatu," fundi akasema kutoka kitandani kwake. "Mmoja ni wangu, tangu Jumanne. Na bila hiyo anahema kama kapanda mlima."

Daktari mkuu akampa binti mkono. Upasuaji ni Jumatatu. Niliogopa, sifichi. Nikamuuliza binti kama nimechelewa.

"Tumewahi, baba," akasema.

Jumatano, 10 Julai

Nimepona. Nalala chali, mto mmoja. Wa fundi nimemrudishia, nikamwomba radhi. Mvumo wangu haupo tena. Niliulilia kama niliyefiwa.

Lakini leo mchana, mapazia yanapepea, wodi imetulia, nasikia: tik, tik, tik. Kilango kipya cha moyo nilichowekewa! Kinasikika hata bila stetoskopu. Fundi kasikia, kageukia ukutani.

Kesho naruhusiwa kwenda nyumbani. Mtihani ujao ni Septemba. Nimeanza kukohoa kidogo. Fundi akienda kuoga, nauchukua ule mto.