Meno ya Tingatinga la Serikali

Idara ya Mawe, Kokoto na Ustawi wa Ardhi ya Chini iliutangazia umma, kwa redio na kwa spika iliyofungwa kwenye bodaboda na kuzungushwa Lodwar nzima mpaka Kanamkemer, kwamba kuanzia Jumatatu hiyo mtambo wowote usio na magurudumu, unaokunywa, unaonguruma na unaotembea kwa miguu yake, utahesabiwa kuwa mfugo. Wananchi waliombwa kutoa ushirikiano.

Waliocheka hawakujua taabu iliyouzaa uamuzi huo. Idara ilikuwa inanunua tingatinga la mitumba, lile la minyororo lenye mkono mrefu na ndoo yenye meno, likachimbe mawe Nakalale. Sheria ilidai mtambo wa mitumba ukaguliwe na injinia. Injinia wa idara alikuwa koti lililotundikwa kwenye kiti. Mwenye koti alihamia Nairobi zamani. Kumpata mwingine kungechukua mwaka, na mahema ya sherehe ya uzinduzi yalikuwa yameshakodiwa. Sheria ya kununua mifugo, kwa bahati njema, haitaki injinia. Inataka kamati, na mtu anayejua meno.

Mtu huyo alikuwepo. Losike, Kaimu Mkurugenzi, alikuwa afisa wa mifugo kabla ya kupandishwa cheo na kupewa mawe. Angemtazama ngamia kinywani akakwambia umri wake, tabia yake na tabia ya mama yake. Shida ya Losike ilikuwa moja tu: ukaimu ulikuwa umemganda kama kupe. Alikuwa amekaimu muda mrefu hata mkewe nyumbani alimwita Kaimu, na jambo hilo lilimuuma sana, ingawa alijifanya halisikii.

Waziri wa kaunti, Mheshimiwa Akaale, alimpa neno. "Siku tingatinga litavunja jiwe la kwanza Nakalale, nakuthibitisha mbele ya watu. Lisipovunja, tutatafuta kaimu wa Kaimu."

Kisha Mheshimiwa akaenda redioni kulisoma tangazo mwenyewe, na kwa furaha akaongeza maneno ambayo hakuna aliyemwandikia: "Mnyama huyu ni wangu! Mimi ndiye ninayewaletea!"

Kamati ikafunga safari ya Kakuma. Walikuwa wawili, Losike na katibu wake Nelly, kwa sababu wajumbe wengine walikuwa wameshapokea posho ya safari na hivyo hawakuona haja ya kusafiri. Muuzaji alikuwa Kasongo, Mkongo mwenye uwanja wa vyuma, aliyelinunua tingatinga kwa kampuni moja ya barabara iliyofunga kambi na kuondoka. Kasongo alikuwa na kilema kibaya kwa mfanyabiashara: hakujua kusema uongo.

"Patron, mi nakuambia ukweli," alisema. "Pompe ya oili iko na ugonjwa. Oili inatoka, angalia."

Losike akainama, akaona oili ikichuruzika. "Anatokwa na mate," akasema. "Mnyama mgonjwa hukauka mdomo. Nelly, andika."

"Niandike nini, bosi? Oili ama mate?"

"Mate. Mengi."

Akapita nyuma, akapapasa minyororo, akaridhika na kwato. Halafu akapiga magoti mbele ya ndoo, na hapo uso wake ukang'aa. Meno yote yalikuwepo, marefu, makali, hayajapigwa na jiwe hata moja.

"Ametoka tu kubadilisha meno," akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani. "Huyu bado kijana."

"Ile meno ni mupya, patron. Nimetia juzi. Unaweka pini, unapiga nyundo, basi. Lakini machine yenyewe ni muzee. Inaweza kunizaa."

Losike alimtazama kwa huruma. Alikuwa ameshinda sokoni maisha yake yote, hakuzaliwa jana. "Muuzaji akimsema mnyama wake vibaya," akamweleza Nelly, "ujue hataki kuachana naye."

"Basi tuiwashe," Kasongo akaomba. "Ichimbe kidogo, muone na macho yenu."

"Hapana. Ngamia hatwishwi mzigo na mtu ambaye hajamnunua. Hiyo ni aibu."

Kasongo akamgeukia Nelly. Nelly alikuwa anatazama mawingu, ingawa siku hiyo hapakuwa na wingu. Wakashikana mikono, na mnyama akawa wa serikali.

Taratibu zote zilifuatwa. Tingatinga lilinyunyiziwa dawa ya kupe. Kwa kuwa kila mfugo sharti uwe na alama ya sikio, kioo chake cha pembeni kilikatwa pembe kwa msumeno. Likapandishwa kwenye trela, na kwenye kizuizi cha barabarani polisi akaomba karatasi. Losike akampa kibali cha kusafirisha mifugo. Polisi akahesabu, akapata mmoja, akauliza kama ni dume. Losike akamjibu kwamba uchunguzi unaendelea.

Siku ya uzinduzi Nakalale ilijaa. Mbele kabisa walikaa akina mama wanaovunja kokoto kwa nyundo chini ya kilima, na kiongozi wao Namuar. Kilima na malisho yanayokizunguka yalikuwa ya ukoo wake, na mikono yake ilikuwa na sugu ambazo hata sabuni ilizikwepa. Walikuwa wameruhusu machimbo kwa sharti moja: mashine ivunje mawe makubwa, wao wapumzike mgongo.

Dereva, kijana Elie wa Kalobeyei, akawasha. Moshi ukapanda. Mkono ukainuka juu sana, akina mama wakapiga vigelegele, ndoo ikashuka ikagusa jiwe. Tingatinga likatetemeka, likatoa mlio mrefu, likamwaga oili yote chini, mkono ukalala polepole mavumbini. Jiwe lilibaki vilevile.

Losike akakimbia. Mazoea hayana dawa: aliweka sikio ubavuni, akasikiliza, akasahau kwamba ana maikrofoni mkononi.

"Amekufa," akasema, na kilima chote kikasikia.

Namuar akasimama, akajifuta vumbi, akaenda moja kwa moja kwa Waziri, akamsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, Mheshimiwa."

"Ejok nooi, mama."

"Mnyama yako imekufa kwa malisho ya sisi. Imekuja na ugonjwa. Sheria unajua."

Kila mtu aliijua. Anayeingiza mnyama mgonjwa kwenye malisho ya wenzake, mnyama akafia humo, nyama ni ya wenye malisho, na mwenye mnyama analipa fidia ya wanyama walio hai. Mdogo kwa wadogo, mkubwa kwa wakubwa. Namuar akaupima mkono wa tingatinga kwa macho, kuanzia begani hadi ndooni. "Hii malipo yake ni ya ngamia," akasema.

Waziri akacheka. "Mama, hiyo si ni mashine tu!"

Nelly akamsogelea sikioni. "Ikiwa ni mashine, Mheshimiwa, wataulizia injinia. Hiyo ni jela."

Kicheko kikakatika. "Ni mnyama," Waziri akasema.

"Ya nani?" Namuar akauliza.

Mheshimiwa Akaale hakufika alipofika kwa kukosa akili. Akachukua maikrofoni, akamshika Losike bega. "Ndugu zangu! Nina furaha kutangaza kwamba tangu asubuhi ya leo, Losike si kaimu tena. Ni Mkurugenzi kamili! Mawe yote ya idara, mitambo yote na wanyama wote ni wake!"

Watu wakapiga makofi. Mkewe Losike, safu ya pili, akapiga kigelegele mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Losike alilisubiri neno hilo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Kisha akamwona Namuar amegeuka, anamtazama yeye sasa, kwa jicho lilelile lililoupima mkono wa tingatinga. Akawakumbuka ngamia wake wachache kule Lowarengak, mmoja mmoja, kwa majina. Akaomba maikrofoni.

"Nashukuru, Mheshimiwa," akasema. "Lakini cheo hiki kimenizidi. Sijakomaa. Mimi ni kaimu tu, na kaimu hana mnyama. Mwenyewe mlimsikia redioni."

Walikuwa wamemsikia. Wengine walianza kumwigiza: "Mnyama huyu ni wangu!" Mahema yakatikisika kwa vicheko, na Waziri akakaa chini.

Mzoga uligawanywa kabla ya jua kuzama. Dizeli wakapewa watu wa bodaboda, kiti akapewa Elie kwa kuwa ndiye aliyekuwa naye alipokata roho. Akina mama wakayagonga meno, pini zikatoka, wakayachukua. Yalikuwa chuma kizuri. Walipolipigilia moja kwenye ufa wa lile jiwe, jiwe likapasuka katikati.

Ngamia wa Waziri walifika wiki iliyofuata, wakiswagwa na Kaimu Mkurugenzi mwenyewe, aliyeagizwa kazi hiyo kwa ukali. Namuar akawapokea kwa heshima. Akamwinamisha wa kwanza, akamfungua kinywa, akashika jino moja baada ya jingine, akalitikisa kwa nguvu, kuona kama limefungwa kwa pini.